Jina Langu Ndani ya Kila Faili

Jumatatu, 19 Aprili 2004
Mvua. Meneja wetu, Bwana Ebenezeri, katuita ofisini kwake, mimi na Hilda. Kahawa yote huko mlimani inachukuliwa na wanunuzi binafsi, ushirika wetu umebaki mtupu. Makarani wawili wa kompyuta ni wengi. Mwisho wa mwezi atabaki mmoja. Hilda alilia. Mimi sikulia, nilikuwa nafikiri. Nina miaka tisa kazini, yeye minne. Lakini anachapa haraka kuliko mimi, na wakulima wanampenda. Lazima nifanye jambo.

Jumanne, 20 Aprili
Nimepata! Kila faili la Word lina ukurasa wa sifa zake, umejificha, hakuna anayeufungua. Nimeandika programu fupi ya kuongeza humo sifa mpya: "Mtayarishaji: Leodegar". Nimeiweka kwenye mashine zote mbili, Hilda alipokwenda kunywa mtori. Faili lolote likifunguliwa, jina langu linaingia lenyewe. Meneja atajionea nani anafanya kazi hapa!

Jumatano, 21 Aprili
Balaa. Jina linaingia, ukifunga faili linapotea. Barua moja nimeifungua mara kumi na nne. Lipo. Halipo. Hilda akaniuliza kama naumwa. Nikasema macho. Akanipa machungwa mawili. Niliyala, lakini sikumshukuru sana.

Alhamisi, 22 Aprili
Nimeelewa! Ukiongeza sifa tu bila kugusa maandishi, Word inaona hakuna kilichobadilika, kwa hiyo haihifadhi kitu. Sasa programu yangu inaidanganya kwamba faili limebadilika, kisha inahifadhi. Jina limekaa! Nikapita kwa meneja, nikamwonyesha jinsi ya kufungua ule ukurasa. Nikamwambia kompyuta haisahau aliyefanya kazi. Akaitikia kwa kichwa. Mtu mwenye akili.

Jumatano, 28 Aprili
Sijui niandike nini. Wazee arobaini wameteremka kutoka Mkuu, kule mlimani, na mvua yote ile, kuja kwenye mkutano wa kahawa. Mkutano ni tarehe 28 Mei. Barua iliyopelekwa kwao ilisema 28 Aprili. Aliyeichapa ni Hilda. Mzee Valerian alisimama mlangoni, koti linachuruzika. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Amemwacha mkewe mgonjwa peke yake kwa ajili ya barua ile.

Meneja akafungua faili. Akafungua ukurasa wa sifa, kama nilivyomfundisha. Akaniita.

Hilda akasimama mbele ya watu wote. "Meneja, barua hiyo nimeiandika mimi. Kaka Leodegar hata hakuiona."

Meneja akamjibu kwamba ana moyo mzuri, lakini kompyuta haisahau. Akanigeukia, akaniuliza kama nina la kusema. Nilikuwa nalo. Ila ningelisema, ningelazimika kueleza na ile programu. Nikasema sina.

Ijumaa, 30 Aprili
Nimekabidhi funguo. Miaka tisa, na hakuna aliyeinuka kitini isipokuwa Hilda. Alinisindikiza hadi getini, analia tena. Anasema Jumatatu atamwendea meneja mara ya pili. Kwa nini mtu ahangaike hivyo? Ana mpango huyu.

Nyumbani Shirimatunda, mke wangu Theodora aliuona mfuko wenye vitu vyangu vya ofisini. Akaendelea kumenya ndizi, polepole kuliko kawaida. Afadhali angepiga kelele.

Jumapili, 2 Mei
Baada ya misa Padre aliniita pembeni. Parokia imepewa kompyuta, na matangazo yote, hata ya ndoa, anaandika katekista Wenseslaus, peke yake. Hajawahi kukosea jina la mchumba hata mmoja. Waumini wanamsifu mno. Padre akaomba nimsaidie kidogo mpaka nitakapopata kazi. Alinionea huruma, niliona machoni.

Nikamwomba aniache na mashine dakika kumi, niikague kama ina virusi.

Zilitosha tano.