Kidole Gumba Changu Hakina Hatia

Kwa Don Evaristo Tejada,
Mwenyekiti, Klabu ya Dhumna ya Palo Amarillo, Moca.

Ndugu Mwenyekiti,

Nakuandikia kwa heshima ambayo klabu yako haikunionyesha iliponifungia nisicheze fainali ya Jumapili dhidi ya La Vega. Eti tunapookota kete zilizofunikwa, kidole gumba changu hupapasa chini, kikaijua dabo sita, kete yenye sita pande zote mbili, kwa vishimo vyake. Kompadre wangu Fermín, rafiki na mchezaji mwenzetu, akasema mbele ya watu, "Kompadre, hicho kidole kimesoma kuliko padri." Mkacheka. Mimi nikaenda kusoma.

1. Kisogoni mna ubongo mdogo, wenye seli za neva nyingi kuliko sehemu nyingine zote za ubongo zikijumlishwa. Kidole kikigusa kitu, habari hufika kwa seli ndogondogo, nazo huzipasha seli kubwa zenye matawi. Huko hulinganishwa kilichotarajiwa na kilichoguswa. Mwenye kichwa haulizwi. Mnaniadhibuje kwa kikao ambacho sikualikwa?

2. Fermín naye anao. Akijitekenya hacheki, maana ubongo mdogo umeshautarajia mkono wake. Mkewe akimgusa mbavuni, anaruka kama mbuzi. Ushahidi ndio huo. Basi afungiwe naye, au tusamehewe sote.

3. Kama kugusa ni haramu, tuvae glavu. Glavu zisipotosha, kila mchezaji aache kisogo chake nyumbani, tuone nani ataweza kubamiza kete mezani bila kumwaga kahawa ya jirani.

4. Ubongo mdogo uandikishwe uanachama na upewe kiti, ili siku nyingine mshtakiwa halisi ajitetee mwenyewe.

Nirudisheni. La Vega wanakuja na mapacha wa Polanco, na bila mimi mtafungwa mapema, kisha mtasingizia bahati.

Msalimie mkeo Doña Miledys, wajukuu, wote wa barazani, na hata Fermín, ingawa hastahili.

Wako mwenye kichwa kizima,
Radhamés Almánzar

N.B. Mke wangu Nurys, akitaka kunipatia ushahidi, amenifunga kitambaa machoni nikapapasa kete za klabu, ambazo mtunzaji wake ni mimi. Dabo sita sikuipata hata mara moja. Alipokifungua nikaionyesha kwa mbali, bila kuigusa: ina alama ya moto wa sigara mgongoni. Kwa hiyo popote nilipoandika kidole, tafadhali soma jicho. Hoja zangu ziko palepale, na kete hiyo isibadilishwe kabla ya Jumapili.