Homa ya Mwalimu Timotheo

Jumatatu, 3 Machi 1975
Mwalimu Mkuu anatafuta msaidizi. Ni mimi au Paskali, mwalimu wa darasa la nne. Paskali ana baiskeli. Mimi nina akili. Nimetangaza paredini: darasa langu la sita litajifunza wajibu kwa vitendo. Jumamosi msaragambo, kazi ya pamoja ya kukandika nyumba ya Bibi Dorkasi kabla ya masika. Hana mtoto wala mjukuu. Atakayekosa atatoa jogoo, kama wafanyavyo wazee. Mgonjwa husamehewa, ila lazima atembelewe. Mwalimu Mkuu akaandika kitu daftarini. Paskali akakunja uso. Siku njema!

Alhamisi, 6 Machi
Mawingu upande wa Lukozi. Viazi vyangu havijapandwa! Zuhura, kiongozi wa darasa, kauliza kama mwalimu naye akikosa atatozwa. Nikasema sheria ni msumeno. Nilisema vizuri mno.

Jumamosi, 8 Machi
Nilituma habari kwamba nina homa. Nikashuka bondeni kupanda viazi. Saa sita nikasikia shikamoo nyuma yangu. Shikamoo thelathini na nane. Darasa zima, udongo hadi viwikoni, limekuja kumtazama mgonjwa. Nikasema nimeshauriwa nitoke jasho. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Nyuma yao Bibi Dorkasi na fimbo yake, kashuka mlima wote. Mayai matatu kwenye kanga. Akasema, mwanangu, homa haichezewi, kalale. Kisha akainama akanimalizia tuta lililobaki. Sikumzuia. Hilo linaniuma hadi sasa.

Jumapili, 9 Machi
Bibi kaniombea nipone, mbele ya usharika wote. Nilitazama sakafu. Baada ya ibada akaja Zuhura na wenzake wawili. Wakaniamkia kwa adabu, wakamchukua jogoo wangu wa Pasaka, wakampelekea Bibi. Mvua imeanza. Ukuta wake wa nyuma haujakandikwa, maana waliacha kazi kuja kunitazama. Najuta kweli. Nimeapa kwenda kuumalizia mwenyewe.

Ijumaa, 14 Machi
Msaidizi ni Paskali. Bibi analala jikoni, chumbani maji yanaingia. Kesho msaragambo wa ukuta. Lakini viazi navyo vinasimama majini, vinataka mfereji. Nitatuma habari kwamba nina msiba Mazinde. Jogoo wa kutozwa sina tena. Na Mazinde ni mbali, Bibi hawezi kushuka na mayai yake mpaka huko.