Malalamiko Dhidi ya Wakili Anayepokea Simu

Kwa Katibu,
Kamati ya Maadili ya Mawakili.

Ndugu Katibu,

YAH: OMBI LA KUMTULIZA WAKILI WANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ikikukuta umeketi itakuwa afadhali zaidi, kwa maana habari zilizomo ni nzito.

Mimi ni fundi cherehani wa miaka hamsini na tatu. Wateja wangu, kwa mapenzi yao, wananiita Jumamosi, kwa kuwa ndiyo siku ninayowaambia waje kuchukua nguo zao. Marehemu mama aliniachia vitu viwili: miwani yake na chumba changu cha kazi. Miwani hakuna anayeigombea. Chumba anakigombea binamu yangu, mtoto wa mjomba, anayedai kwamba mama alimpa yeye kwa mdomo, siku ambayo kwa bahati mbaya hapakuwa na mtu mwingine pale. Mimi nina karatasi, na mama aliisaini mbele ya mashahidi wawili. Binamu hakujali karatasi. Alikuja asubuhi moja akapiga kufuli nusu ya nyuma ya chumba, meza ya mama ya kukatia vitambaa ikiwa ndani, nami nikaenda mahakamani. Huu ni mwaka wa saba nakatia magotini.

Kwa miaka sita nilikuwa na wakili mzee, mtu wa heshima zake, na tena mteja wangu. Mwaka huu alistaafu, akakabidhi majalada yake kwa wakili mwanamke ambaye kwa umri ni binti yangu kabisa. Ndipo matatizo yalipoanza. Nayaorodhesha.

1. Anapokea simu. Ndugu Katibu, mtu aliyelelewa na wakili mzee hawezi kuyazoea mambo haya ghafla. Nilikuwa napiga, inalia, inalia, kisha karani anasema, "Wakili yuko mahakamani." Hata Jumapili alikuwa mahakamani. Siku moja nilimwona kwa macho yangu kwa kinyozi, povu hadi masikioni, simu inalia mapajani mwake, anaitazama kama mtu anayetazama nzi. Aliyekuwa akimpigia ni mimi, nimesimama ng'ambo ya barabara. Sikuvuka kumfuata. Nilikuwa na sababu zangu. Huyu wa sasa, simu haijalia mara mbili, "Shikamoo baba, nilikuwa nataka kukupigia." Nilishtuka nikakata. Akapiga mwenyewe! Akauliza kama niko salama!

2. Anaeleza. Katika miaka sita wakili mzee aliniambia maneno mawili tu: "Tuko vizuri." Ukimuuliza tarehe, tuko vizuri. Ukimuuliza hakimu kasema nini, tuko vizuri. Nilikuwa nayabeba maneno hayo hadi nyumbani, nampa mke wangu, naye ananiuliza, "Vizuri wapi?" nami namjibu kwamba hayo ni mambo ya kisheria. Tuliishi kwa amani. Huyu binti ameniketisha saa nzima. Ameniambia karatasi ya mama ina nguvu wapi na ina udhaifu wapi. "Tarehe haisomeki, baba. Tutaulizwa, kwa hiyo tujiandae." Nimeambiwa ukweli kabla ya chai. Je, kanuni zenu zinaruhusu?

3. Amesoma jalada. Lote. Ofisini kwa wakili mzee jalada langu lilikuwa na kazi yake inayoeleweka: lilizuia dirisha lisijifunge. Karani alinisifia kwamba katika majalada yote, langu ndilo lenye unene unaofaa. Binti amelitoa dirishani, amelipangusa vumbi, na amegundua kwamba kesi imeahirishwa mara kumi na nne. Angeishia hapo ningemsamehe. Akaanza kunisomea sababu, na humo mdai ni mimi. "Wakili wa mdai amefika bila joho, hakimu hakumsikiliza." Akafunua ukurasa. Bila joho. Akafunua mwingine. Bila joho. Akainua macho: "Baba, unajua lolote kuhusu hili joho?" Nilishikwa na kikohozi kikali kilichonitoa ofisini na kunifikisha nyumbani.

4. Anawatafuta mashahidi wangali hai. Shahidi wa kwanza alikuwa seremala, jirani yetu. Kila kesi ilipotajwa alivaa shati lake la kijani, akaenda kuketi kwenye benchi la mahakama tangu asubuhi, mikono magotini, akirudia kimyakimya atakayoyasema. Mara tisa aliambiwa arudi siku nyingine, wala hakuna aliyemwambia kwa nini. Mwaka wa nne alifariki. Wakili mzee alihudhuria mazishi, na pale makaburini alinishika bega akaninong'oneza kwamba tuko vizuri.

Shahidi aliyebaki ni shangazi, ana miaka themanini na miwili na ameanza kuniita kwa jina la baba. Binti alikwenda kwake katika wiki ya kwanza, akaketi jikoni, akaandika kila anachokumbuka, kisha akamsomea. Sasa shangazi hana wimbo mwingine: "Wewe mwanangu, huyu mtoto kanisikiliza siku nzima, na yule babu yenu wa tuko-vizuri sijamwona hata kivuli!" Shangazi akamweleza binti pia kwamba Alhamisi, siku ya kesi, hatatoka nyumbani kama hajapata gauni lake jipya, kwa kuwa hawezi kusimama mbele ya hakimu na nguo ya kupikia. Kitambaa kiko kwa fundi fulani tangu kesi ilipofunguliwa. Ni fundi gani, sioni haja ya kuwachosha wajumbe kwa jambo dogo namna hiyo.

5. Anafika mahakamani kabla ya hakimu. Sina la kuongeza.

6. Nilipomwambia kwamba sipendezwi na mwenendo wake, hakununa. Alisema ni haki yangu kulalamika, akaniandikia anwani yenu kwa mkono wake, na akaniuliza kama nina bahasha.

7. Hili ndilo lililonikosesha usingizi. Anataka kuja kwenye chumba changu cha kazi Jumatano. Anasema wakili hawezi kutetea chumba ambacho hajawahi kukiona. Mwenzake alikitetea miaka sita bila kuvuka kizingiti! Huyu atapima kuta, atapiga picha kila pembe, na ataandika, nanukuu, "kila kinachoning'inia." Ndugu Katibu, katika chumba cha fundi vinaning'inia vitu vingi, na vingine ni vya siri kati ya fundi na mteja wake, kama nyinyi na wateja wenu.

Kwa hiyo naiomba kamati yako imwamuru asipokee simu zaidi ya moja kwa mwezi, alirudishe jalada dirishani, ajifunze kusema tuko vizuri, na zaidi ya yote asitie mguu kwangu Jumatano. Akikaidi, asimamishwe. Wakili wa namna hii akiachwa, wateja wote watataka wa namna hii, na sijui wengi wenu mtafanya nini.

Nifikishie salamu kwa wajumbe wote wa kamati, kwa karani atakayeifungua bahasha hii, na kwa mlinzi wa mlangoni, ambaye naamini ndiye pekee hapo anayefahamu nani yuko ndani na nani hayupo.

Ni mimi mteja mnyonge,

Fundi Jumamosi

Nyongeza: Barua hii sijaipeleka posta bado. Binti amekuja leo, Jumatatu. Kasema ameona vyema awahi.

Hakupima ukuta hata mmoja. Alikwenda moja kwa moja kwenye msumari wa tatu, ambako kitambaa cheusi kilichungulia chini ya nguo nyingine, akasogeza suruali mbili na koti, na chini yake likaonekana joho jeusi lenye karatasi iliyobanwa kwa pini, jina la wakili mzee na mwandiko wangu: pindo, Jumamosi. Nilisema nitaeleza. Nikaeleza. Mzee aliniletea mwaka wa kwanza. Akawa anaazima la mwenzake, na siku mwenzake akiwa na kesi, yangu inaahirishwa. Hakupokea simu zangu kwa kuogopa nitauliza kesi, nami sikupokea zake kwa kuogopa atauliza joho. Angeniambia siku moja tu kwamba kesi inakwama kwa ajili ya pindo, ningelishona jioni ileile. Au Jumamosi.

Binti hakucheka wala hakunigombeza. Aliketi kwenye benchi la wateja akasema, "Shona, baba, nasubiri."

Dakika kumi na mbili. Seremala alisubiri miaka minne.

Tafadhali mwambieni mzee joho lake liko tayari, na malalamiko haya nimeyafuta yote, namba moja hadi saba. Binti bado ameketi pale pale. Sasa hivi ameniuliza gauni la shangazi litakuwa tayari lini. Nimefungua mdomo nitaje siku, akaniangalia. Sikuitaja. Nimekunjua kitambaa magotini na naanza kukata, kwa hiyo samahani kwa mwandiko.