Baba Mkwe Kwenye Orodha ya Darasa

Shoga zangu wa kwetu Buyenzi, leo nimeaibika hadi mifupani. Nawaandikia nikiwa bado kitandani hospitali, maana nikisubiri nipone, wifi yangu atawafikishia kabla yangu na atatia chumvi. (Chumvi haihitajiki, mtaona.)

Mnajua tangu harusi ya Desemba tisini na moja niko hapa Kigali kwa wakwe. Msilolijua ni kwamba kwa watu hawa mkamwana halitamki jina la baba mkwe. Halitamki kabisa! Mama mkwe aliniambia siku ya kwanza: "Hilo jina, mwanangu, limeze." Nikalimeza. Mzee mwenyewe miezi sita hajanisemesha. Nimekaa mbele yake, yeye anamwambia mume wangu Faustini: "Mwambie mgeni wako chai imepoa." Mgeni! Na chai nimeipika mimi. Nimelia kwa hilo, sifichi. Nilichotaka ni aniite mwanawe, walau mara moja tu.

Basi asubuhi tumbo likanibana, nikaletwa mbiombio. Wakasema ni kidole tumbo, kinatolewa leo leo. Nikapelekwa chumba cha upasuaji. Yule bwana wa dawa ya usingizi, mpole kweli, akaniuliza kazi yangu.

"Mwalimu. Darasa la pili."

"Vizuri. Hebu niitie majina ya darasa lako, mwalimu. Mmoja mmoja."

Nikaanza, sindano ikiingia mkononi. "Agnesi. Aloizi. Anastazia. Beatrisi..."

Dunia ikazimika.

Sasa nisikilizeni, maana hapa hata mimi maneno yananiishia. Ule haukuwa usingizi. Ukilala, ukiamka unajua ulilala. Unageuka, unasikia jogoo. Huku hapakuwa na kitu, hata giza. Halafu rangi, jamani! Ukuta wa darasa langu ukawa unapumua, mara buluu, mara dhahabu. Mimi niko juu darini, na chini namwona mwanamke anaita majina kwa sauti nzuri, yenye mamlaka. Nikamhusudu. Nikasema, mwalimu yule ana adabu zake, kalelewa. (Kumbe ndiye mimi.) Saa mbili nzima zilikatwa maishani mwangu, na pale zilipokatwa sioni hata mshono. Kwa sababu neno langu lililofuata baada ya Beatrisi lilikuwa: "Bosco!"

Hapo nilikuwa tayari wodini, macho nimeyatoa. Haya kanisimulia Faustini huku anafuta machozi ya kicheko. Niliita darasa zima, watoto arobaini na watatu, sikumruka hata mmoja. Wagonjwa wakaanza kuniitikia. Mama wa kitanda cha dirishani ameitika mara nne peke yake. (Leo hata mtoro wangu sugu amehudhuria.)

Orodha ikaisha. Wakati huo huo mzee akaingia kunijulia hali, kofia kichwani, viatu vina matope ya shambani.

Nikamtaja! Majina yote mawili, la ubatizo na la Kinyarwanda, kwa sauti ya paredi. "Wewe! Mbona umechelewa?"

Wagonjwa wote wakageuza shingo. Mama mkwe akajiziba mdomo. Faustini anasema alitamani ardhi immeze. Mzee akasimama wima, akavua kofia, mikono akaibana ubavuni.

"Présent, mwalimu!"

Ndivyo walivyofundishwa na mapadri enzi zao, kuitika "nipo" kwa Kifaransa. Nadhani mwili uliitika kabla ya kichwa.

"Na viatu vichafu! Kapige rangi, ndipo urudi."

Akatoka. Mimi nikalala tena, raha mustarehe.

Nilipozinduka sawasawa na kusimuliwa, nilijifunika shuka hadi utosini. Nikajua ndoa yangu imekwisha. Hata ule ugeni nimeupoteza, nitaitwa mpita njia. Nikaanza kufikiria nguo zipi nitafungasha kwanza.

Alasiri nikasikia hatua, zikasimama kando ya kitanda.

"Mwanangu."

Sikujifunua. Nilidhani dawa imerudi.

"Mwanangu mwalimu, hebu tazama."

Nikatoa jicho moja. Mzee! Mkononi ana chupa ya uji, na viatu vinang'aa. Akainua mguu mmoja, kisha wa pili, nivikague.

"Nipe ruhusa ya kukaa," akasema.

Nikalia, mshono ukauma. Nikacheka, ukauma zaidi.

Akili yangu ilikwenda wapi zile saa mbili, sijui. Wala sijui nani aliishika ile orodha mkononi hadi niliporudi, lakini namshukuru Mungu kwa hilo pia. Nawaomba tu msinicheke mpaka nyuzi zitolewe. Na msiniulize mzee anaitwa nani, nimeshalimeza tena.