Kidole Gumba Changu na Tawi Jipya

Jumatatu, 3 Machi
Bosi katangaza: duka letu la viatu linafungua tawi jipya! Linahitaji mkuu. Tumebaki wawili, mimi na shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye kazi hii nilimwombea mimi mwenyewe. Mwenye duka atakuja kuchagua wiki ijayo. Kisha bosi akautazama mguu wangu wa kulia, mbele ya kila mtu. Akasema muuza viatu ambaye kiatu chake kimevimba ubavuni anafukuza wateja. Nundu hii! Kidole gumba kimelala upande, mfupa umechomoza. Shemeji alijifanya anakohoa.

Jumatano, 5 Machi
Nimempata daktari wa mifupa! Hapasui mguu mzima. Anatoboa vitundu vidogo, anaingiza kekee nyembamba, anakata mfupa, anausogeza mahali pake, anaukaza kwa skrubu. Mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo, kwa miguu yake! Daktari aliendelea kusema, lakini mimi nilikuwa nishafika tawi jipya. Mke wangu ndiye aliyesikiliza. Eti wiki sita za kiatu maalumu, mguu juu ya mito, viatu vya kawaida marufuku. Ameyarudia njia nzima. Ana kipaji cha kukariri.

Ijumaa, 7 Machi
Tayari! Ganzi mguuni, kekee ikilia kama mbu, halafu nikachungulia: kidole kimenyooka! Nilitaka kumbusu daktari. Nimepewa kiatu cha hospitali, cheusi, soli bapa na ngumu, mikanda miwili. Kazini nimeaga kwamba nang'oa jino.

Jumatatu, 10 Machi
Mke katoka, nami nikatoka. Kiatu cha hospitali nimekipiga rangi, nikakishonea kifungo cha shaba. Shemeji akauliza tangu lini jino likamchechemesha mtu. Nikamjibu huu ni mwendo wa mtindo mpya. Na kweli! Mteja mmoja mnene, mwenye suti, akauliza kiatu hiki kinauzwa wapi, maana kinaonekana kina nafasi. Bosi uso ukamng'aa. Mimi ni kichwa!

Jumanne, 11 Machi
Mteja wa suti karudi. Bosi kasimama nyuma yangu. Tangu nianze kazi hii sijawahi kumwacha mteja atoke mikono mitupu. Mikono ikanitangulia. Nikavua, nikafuta vumbi, nikakitia kwenye boksi. Kachukua cha kulia. Cha kushoto nimemwahidi. Bosi kapiga makofi! Nikabaki na soksi. Na mwenye duka anakuja kesho. Nimechukua kwenye rafu viatu vya ncha nyembamba, vinang'aa ajabu.

Jumatano, 12 Machi
Mguu uliingia kwa msaada wa kijiko cha viatu na machozi. Nikapiga hatua moja nzuri sana. Ya pili nikaona nyota mchana kweupe, nikaangukia rafu ya ndala. Shemeji akanibeba mgongoni hadi kwenye gari, huku akisema, "Pole shemeji, jikaze, tunafika!" Mwenye duka akasema huyo ndiye kiongozi. Kapewa tawi palepale, nami bado niko mgongoni mwake! Eksirei inaonyesha skrubu imehama. Mke wangu kaniomba ufunguo wa kabati la viatu. Naogopa.

Ijumaa, 14 Machi
Wamerudia. Safari hii wamenilaza, daktari hataki kuniona karibu na mlango. Nimelia, wala si maumivu. Tawi lile nililitaka kwa moyo wote. Nimepewa kiatu kingine cha hospitali; vyangu vingine mke wangu amevifungia kabatini na ufunguo anatembea nao.

Jioni shemeji kaja kunijulia hali, tai mpya shingoni. Kasema yule mteja wa suti anasumbua dukani, anadai cha kushoto, na rafiki zake nao wanataka jozi. Mwenye duka ameapa kwamba atakayekileta atapewa tawi la tatu.

Nikakaa kitako! Daktari alipopita nikamwambia mguu wa kushoto nao umeanza kuniuma. Akakibonyeza kidole. Akasema kimenyooka kama rula. Nikamwambia abonyeze tena, kwa nguvu zaidi.