Injini Mpya kwa Kilima cha Hospitali

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu kaondoka. Semina ya wauguzi, anarudi Jumamosi. Kabla ya kupanda basi kanikabidhi ufunguo wa pikipiki yake na onyo moja: nisiiguse. Nimelitafakari onyo hilo kwa kina. Nadhani alimaanisha nisiiendeshe.

Pikipiki yenyewe haina nguvu. Kilima cha hospitali ikikiona tu inakohoa, inabidi ashuke aisukume. Keshachelewa zamu mara mbili. Metroni kamwambia akichelewa ya tatu anamtoa wodi ya watoto, na wodi ile ndiyo roho yake. Na mimi mumewe nikunje mikono? Thubutu. Kwa muuza vyuma chakavu nimepata injini kubwa mara mbili ya ile. Ilitoka kwenye pikipiki iliyogonga ukuta. Dalili nzuri, ina mbio.

Jumanne, 5 Machi
Injini ndogo nimeitoa kwa saa moja. Nimempa muuza vyuma papo hapo, nisije nikashawishika kuirudisha. Na vishikio vyake kwenye fremu nimevikata vyote kwa msumeno.

Kubwa haiingii. Imezidi vidole viwili. Nimeisukuma kwa goti, kwa bega, kwa mchi. Mama mkwe, anayeishi nasi na kiti chake hakibanduki kibarazani, kauliza kwa upole kama mchi ule bado utatwangia. Mkwe ni mkwe. Nikajifanya sikusikia.

Jumatano, 6 Machi
Ufumbuzi umenijia nikipiga mswaki. Igeuzwe! Mbele iwe nyuma. Imeingia bila hata kusukumwa. Mnyororo ukawa unatokea kulia, na meno ya gurudumu la nyuma yako kushoto. Basi na gurudumu nikaligeuza. Kwisha kazi. Sijui viwandani wanalipwa kwa lipi.

Fundi wa kuchomelea kaja kufunga vishikio vipya. Kaizunguka mara tatu, kauliza kama nina hakika injini inatazama panapostahili. Wivu tu. Nikamwambia yeye achomelee, mambo ya kutazama aniachie mimi. Kachomelea, kasema hata trekta haliing'oi. Moshi utatokea chini ya kiti. Asubuhi kuna baridi, mke wangu atapata joto.

Ijumaa, 8 Machi
Imewaka kwa kiki ya pili. Vikombe vimecheza kabatini. Kuiendesha sijaiendesha, majaribio ni kwa wenye shaka.

Jumamosi, 9 Machi
Mke wangu karudi. Kaletwa na kaka yake kwa kigari chake, yule shemeji ambaye kila tukionana huniuliza siku hizi nafanya nini. Leo nikaona nimjibu kwa vitendo. Nikawapanga kibarazani. Nikawasha, nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi huku nikitazama mbele kishujaa.

Ikaenda nyuma.

Nikadhani imeteleza, nikaongeza mafuta. Ikazidi kwenda nyuma, na kwa kasi. Nguvu ilikuwepo, hilo liandikwe. Tukapitia kamba ya nguo, sare mbili za mke wangu zikanifunika uso, tukaishia kwenye shimo la taka. Gia nne, zote za kurudi nyuma. Mama mkwe alisogeza miguu tu tupite.

Mke wangu hakufoka. Aliketi ngazini na sare yenye matope mapajani, akasema taratibu kwamba keshokutwa anaingia saa kumi na mbili asubuhi, na kuna mtoto pale wodini asiyekubali sindano ila kwake. Aibu ilinishika kweli. Nikaapa mbele ya mama yake kwamba chombo chake sitakigusa tena maishani.

Shemeji kasema atamwachia gari mpaka mambo yatengemae. Mke wangu kalia kwa faraja. Hata mimi nilimshukuru, kwa moyo mmoja.

Jumapili, 10 Machi
Wamekwenda wote kwa shangazi yao, kwa miguu, hapo mtaa wa pili. Nimebaki na gari. Nimefungua boneti kuangalia maji tu, kama shukrani.

Maskini shemeji. Injini gani hii? Kilima kile haikiwezi, na pembeni yake kuna nafasi tele. Nimekitafakari kiapo changu kwa kina. Nilisema chombo chake. Hiki ni cha kaka yake.

Nimempigia muuza vyuma. Anayo moja, ya lori. Wenyewe wanarudi saa kumi na moja jioni, muda upo.