Baridi Niliyomsimulia Manal

Jumapili, 3 Agosti

Nimeficha jambo kwa zaidi ya miaka arubaini, na sasa naliandika kabla figo hazijanimaliza. Niliishi Kanada miaka tisa. Hilo si siri. Hapa Ghubra, mtaani kwetu Maskati, wengine wananiita Mkanada. Siri ni hii: niliipenda.

Watu wote nimewaambia kinyume. Jahanamu ya barafu! Watu wasioamkiana! Samaki hana ladha, jua halina joto, ukifa jirani hajui mpaka unuke. Nimeyasema harusini, nimeyasema msibani. Nimeyasema vizuri. Wanangu wote wamebaki Omani.

Leo Manal kaniletea habari. Manal ni mjukuu wangu, mhandisi wa maji. Wazazi wake wako Sohar. Yeye anakaa nami kwa sababu ofisi yake iko Khuwair, mtaa wa jirani. Ndiye anayenikata kucha. Ndiye anayenisomea gazeti na kunibishia kila ukurasa. Amepata nafasi ya kusoma Edmonton, mji uleule niliokaa mimi. Ndege yake tarehe 22. Asipofika masomo yakianza, nafasi anapewa mwengine.

Akaniuliza: "Babu, wewe ndiye unayekujua huko. Ukinambia nisende, sendi. Kweli kubaya vile?"

Nikasema kubaya zaidi.

Daktari anasema nna miezi, pengine michache. Mashine ya kusafisha damu nimeikataa. Nataka Manal awepo. Ni hilo tu. Nimeliandika, na kulisoma halipendezi.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango wa kwanza: baridi yenyewe. Kizazi hiki maneno hayawatoshi. Nikamwagiza Velma, dada wa Kikenya anayenihudumia, ateremshe AC ya sebuleni mpaka mwisho na afunge mapazia. Manal akirudi kazini aonje Kanada kidogo, kisha tuone.

Velma akauliza kama nataka tufe sote. Nikamwambia hii ni elimu. Akasema hajawahi kuona elimu ya kuvaliwa soksi, akenda kuvaa soksi.

Nje joto lilikuwa arubaini na sita. Hilo sikulifikiria! Jirani yangu Jaifar alipita kunijulia hali. Akafungua mlango, akasema Allah, akakaa. Akapiga simu. Wakaja wanawe, wakaja wake za wanawe, wakaja watoto na ndoo ya barafu ya kuchezea. Birika la kahawa likafuata, na halwa. Manal aliporudi sebule ilikuwa kama Idi. Akajibanza kati ya watoto, akashusha pumzi, akasema kama Kanada ndiyo hii, yeye keshafika.

Mafua nimeyapata mimi.

Alhamisi, 7 Agosti

Jaifar tena. Huyu hajavuka Dubai maisha yake yote. Lakini ana mjukuu Calgary anayemtumia video, basi sasa ndiye mjuzi wetu. Kakaa kitini mwangu, anamweleza Manal kwamba huko Kanada gari huchomekwa kwenye umeme usiku, kama simu, lisigande.

Nikasema uongo mtupu.

Ni kweli! Nilikuwa na Datsun ya kijani. Kila jioni naichomeka waya, na asubuhi inawaka huku inanung'unika kama ngamia aliyeamshwa. Nililipenda gari lile kuliko baadhi ya jamaa zangu. Lakini mtu akishashika uongo hawezi kuchagua. Nikashikilia kwamba hizo ni hadithi za video.

"Ya Murshid," Jaifar akanambia mbele ya watu, "Kanada ulikwenda, au ulipita juu kwa ndege?"

Wakacheka. Manal naye. Mimi niliyeokoka majira tisa ya baridi, naonekana muongo kwa kusema uongo! Na Jaifar, asiyejua lolote, ndiye msema kweli. Sikulala mchana.

Jumamosi, 9 Agosti

Mpango wa pili: chakula. Nikamwagiza Velma viazi vya kuchemsha, bila chumvi, bila chochote. Nikatangaza kwamba hivi ndivyo Manal atakavyokula mpaka amalize shahada. Velma kavitia kitunguu thomu, siagi na pilipili manga kwa siri. Nilipomkabili akasema, "Mzee, mikono yangu haijui kupika adhabu."

Manal alikula sahani mbili.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepata dawa. Shahidi! Enos yuko hai. Mkenya, tulisomesha hesabu skuli moja kule Edmonton na tukapanga nyumba moja. Mimi niliondoka, yeye akabaki. Nikampigia simu, nikamweleza haja yangu: mjukuu wangu atamuuliza kuhusu Kanada, naye aseme baridi, upweke, ubaguzi. Yote yapo, sikumwomba azue. Namwomba ayaache mengine tu.

Akauliza kwa nini. Nikasema ni mambo ya familia. "Sawa bwana," akasema, "hiyo ni kazi ndogo."

Jumatano, 13 Agosti

Enos ni mpumbavu. Au ni mzee. Au ni rafiki, sijui.

Alianza vizuri. Sura yake kwenye simu ya Manal, kichwa cheupe pe. Alisema baridi ya Januari inaingia mpaka kwenye meno. Alisema mwaka wake wa kwanza kuna mwenye nyumba aliyemfungia mlango kwa rangi yake. Manal akakunja uso. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Ndipo Manal akauliza kuhusu majirani.

Enos akacheka. "Majirani? Kwani babu yako hajakuambia juu ya Mama Olga?"

Nilitikisa kichwa. Nilikohoa. Nilijaribu kuichukua simu, mkono ukagonga miwani yangu ikaanguka.

Basi akayamwaga. Mama Olga, ajuza wa nyumba ya pili, alinialika kahawa wiki yangu ya kwanza. Nilipotosheka nikatikisa kikombe, kama mtu yeyote mwenye adabu hapa kwetu, asimiminiwe tena. Yeye hakuijua desturi hiyo. Aliona mgeni mwembamba anatetemeka mikono. Akanimiminia kingine cha kunipasha moto. Nikatikisa. Akamimina. Nikatikisa kwa nguvu zaidi! Nilikunywa saba. Kesho yake alibisha hodi na glavu za sufu alizozifuma usiku kucha, maana aliona kijana anakufa kwa baridi.

"Na siku ya kuondoka!" Enos hakukamatika. "Mimi ndio nilimpeleka airport. Alikataa kushuka kwa gari. Alilia, wacha tu. Mimi nikaanza kulia pia na sikuwa naenda mahali."

Hapo Enos akakumbuka ahadi yake.

"Lakini baridi ni mbaya sana," akamalizia.

Manal akamshukuru, akakata simu. Akaiokota miwani yangu, akaifuta, akanivisha. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akauliza kwa nini niliondoka, kama nilikupenda huko hivyo.

Nikamwambia mama yangu alipiga simu kwamba anakufa, akanitaka nirudi kumuuguza.

"Akafa?"

"Akafa."

"Lini?"

Nikasema baada ya miaka ishirini na mbili.

Velma aliangua kicheko jikoni. Manal hakucheka. Akakaa chini, miguuni pangu, akasema sasa nimwambie Kanada.

Nikamwambia. Nikamwambia mwaka wa kwanza nilikuwa nafungua bomba la maji ili Enos asinisikie nikilia. Nikamwambia watu wa huko wanavua viatu mlangoni kama sisi. Ramadhani ya Juni jua lilikataa kuzama, tukafuturu karibu saa nne za usiku, na wanafunzi wangu wasiojua hata kibla kiko wapi wakinihesabia saa. Theluji ikianguka mji mzima unanyamaza, na asubuhi unakuta mtu kashakufagilia njia ya mlangoni, wala hujui ni nani. Hakusubiri ahsante. Hapa kwetu wema una jina na una ukoo, na utakumbushwa.

Nikamwambia na hili, ambalo sijapata kulisema: Zanzibar nilikozaliwa nilikuwa Mmanga, Mwarabu wa Omani; niliporudi Omani nikawa Mzanzibari. Kanada sikuwa mtoto wa fulani. Nilikuwa Murshid tu, na Murshid alitosha.

Manal akasema basi atakwenda.

Nikasema nenda.

Alhamisi, 21 Agosti

Mabegi yako ukumbini. Jaifar kaleta halwa ya kupelekewa mjukuu wake, kana kwamba Edmonton na Calgary ni mitaa ya mji mmoja, kama Ghubra na Ruwi. Amekwisha kusikia yote kutoka kwa Velma. "Kumbe ulikwenda kweli," akanambia, akanibusu kichwa. Sikujua nikasirike au vipi.

Nimempa Manal radhi zangu mbele yao. Nikamwambia maneno mazito: akiitwa asirudi kabla hajamaliza. Hata anayemwita akiwa ni mimi. Mama yangu alinipenda, na mapenzi yake yalinikata katikati. Mimi sitamfanyia mtu hivyo. Velma alilia. Jaifar akasema amina.

Najiona mwepesi. Miaka themanini na moja, na nimejifunza jambo. Si haba.

Ijumaa, 22 Agosti

Naandika kitandani, hospitali.

Baada ya sala ya Ijumaa Velma alikwisha kuvaa nguo za kumsindikiza. Gari nje linanguruma. Manal akapiga magoti kunibusu mkono, na nywele zake zikanukia udi. Mkono wangu wa pili ukaenda kifuani. Haki ya Mungu, sikupanga. Ulikwenda wenyewe. Kisha mdomo ukaufuata: "Manal, mwanangu, nakwenda."

Akatupa mkoba. Akapiga ukelele ambao sikujua anao. Jaifar alikimbia bila viatu kwenye lami ile.

Daktari wa zamu anasema mashine haioni kitu moyoni. Manal akamwambia mashine hazioni kila kitu. Ndege imeondoka. Amewaandikia wa chuo kuuliza kama wanaweza kumngojea. Nawajua watu wale, watamjibu kwa upole sana, na hawatamngojea. Mabegi yamerudi chumbani kwake. Anasema hajuti, babu ni mmoja.

Sasa amelala kitini, shavu kaliegemeza ukingoni mwa kitanda changu, kanishika kidole kama alipokuwa mdogo. Nimetulia. Sijatulia hivi tangu mwezi uanze.

Kifua hakikuniuma.